Nguva Alipopanda Mlimani

Neno moja lilimsumbua siku tatu. Filamu ilikuwa The Mermaid, kichekesho cha mapenzi na maajabu cha Stephen Chow, kilichotoka nchini China tarehe 8 Februari 2016, siku ya mwaka mpya wa Kichina. Ndani yake kuna msichana ambaye kutoka kiunoni kwenda juu ni binadamu, na kwenda chini ni samaki. Kiswahili kina jina la kiumbe huyo, nguva, na mtu wa Tanga au Pemba angelitamka bila kufikiri. Lakini mtafsiri ninayemzungumzia anafanyia kazi Majengo, mjini Moshi, na wanaomsikiliza wanaishi Pasua, Kiboriloni, Uru na Kibosho. Kwao samaki ni perege wa Nyumba ya Mungu au dagaa wa sokoni. Nguva walimkuta kwenye kitabu cha shule, kama walimkuta. Na hata Pwani neno lenyewe lina mtego: nguva ni mnyama wa kweli, mnene, anayenyonyesha mtoto wake na kula majani ya chini ya bahari. Ukimwita msichana mrembo nguva, mvuvi mzee atacheka mahali ambapo hukupanga acheke.

Alijaribu "samaki mtu", akaona linanuka jikoni. Akajaribu "binti wa maji", likaleta jini, na jini angeleta hofu ambayo filamu hii haiitaki. Mwishowe akaamua kusema nguva mara moja tu, mwanzoni, bila kueleza chochote, kisha asubiri.

"Kuna askari mbele huko, watauliza swali hilo wenyewe," aliniambia. "Sasa kaka, mimi nijibu kabla ya askari kwa nini?"

Jibu hilo ndilo lililonirudisha chumbani kwake jioni baada ya jioni, mpaka kazi ikaisha.

Kazi yenyewe kila mtu Tanzania anaijua kwa masikio. Filamu ya kigeni inacheza, sauti yake inashuka, na juu yake anapanda mtu mmoja anayesema kwa Kiswahili maneno ya wahusika wote: steringi, adui, mama, mtoto, mpita njia. Kwetu huitwa DJ, na kazi yake huitwa kutafsiri tu, neno dogo kuliko mzigo wake. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda wana vijei wao, akina VJ Jingo, na VJ Emmie ambaye sauti yake imezunguka dunia ikiwa juu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Hapa kwetu wengi walianza kumsikia Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, kwenye kanda za VHS zilizopita mkono hadi mkono mpaka picha ikawa inatetemeka na sauti yake tu ndiyo imebaki imara. Baadaye akaja DJ Mark na wengine wengi. Wajapani nao, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwa na wasimulizi waliosimama kando ya pazia, wakiitwa benshi, na watu walilipa kiingilio kwa ajili ya benshi fulani kama walivyolipa kwa ajili ya filamu. Kaka yake Akira Kurosawa, mwongozaji wa filamu, alikuwa mmoja wao.

Watu wengi wakisifia watafsiri hawa husifia picha za ngumi. Mimi naona wamekosea pa kusifia. Picha la ngumi linajitafsiri lenyewe: mtu kapigwa, kaanguka, kaamka, na mtazamaji wa Pasua hahitaji kuambiwa kuwa yule mwenye kovu ni adui. Mtafsiri hapo anapamba tu. Kichekesho chepesi cha mapenzi hakina ngumi za kujificha nyuma yake. Kina msichana aliyetumwa kuua mwanamume, akampenda badala yake, na kati ya jambo la kwanza na la pili kuna nusu sekunde nyingi za macho, midomo na haya. Ukichelewa nusu sekunde, kichekesho kimekufa. Ukiwahi, umekiua wewe mwenyewe. Wepesi ndio mzigo mzito kuliko yote, na nimeona mtu akiubeba usiku kucha bila kuuangusha.

Chumba chake kiko nyuma ya duka la vifaa vya simu. Ukutani amegongelea magodoro mawili ya zamani ili yameze mwangwi. Juu ya meza kuna kompyuta, mikisa ndogo, hedfoni zilizofungwa kwa utepe mweusi, na mikrofoni aliyoivisha soksi safi ya mtoto ili herufi kama p na b zisilipuke. Hurekodi baada ya saa tano usiku, bajaji zinapopungua na mashine ya kuranda mbao ya jirani imenyamaza. Alfajiri majogoo humfukuza.

Filamu huitazama mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Mara ya kwanza hutazama kama mtu aliyelipa kiingilio, na mahali alipocheka huweka alama, kwa sababu anasema hatacheka tena na atasahau kuwa palichekesha. Mara ya pili huzima maandishi yote ya chini na kukisikiliza Kichina, lugha asiyoijua hata kidogo. Nilidhani anapoteza muda. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Kila mhusika ana mahali anapovuta hewa, na hapo ndipo Kiswahili kinaweza kuingia bila kugongana na midomo. Mara ya tatu hurudisha maandishi ya Kiingereza na kuandika kwenye daftari la mistari. Haandiki sentensi. Huandika dakika, na pembeni yake michoro: mstari unaopanda, mstari unaoshuka, duara. Duara maana yake ni nyamaza. Nilihesabu maduara kwenye filamu hii ya saa moja na nusu hivi, nikafika sitini na kitu nikaacha.

Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Shakespeare alichapisha Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa tafsiri aliyoipitia upya, kwa sababu mwandishi ana haki ya kufuta na kurudia. Fundi wa Majengo anatafsiri tafsiri, kwa kuwa Kichina kimemfikia kikiwa kimeshapita kwenye Kiingereza, na anafanya hivyo huku filamu inakimbia. Mkono wa kushoto uko kwenye mikisa, ukishusha sauti ya asili anapoanza kusema na kuipandisha anaponyamaza. Jicho moja liko kwenye maandishi, jingine kwenye nyuso. Akikosea katikati, hurudi mwanzo wa onyesho zima, kwa sababu sauti iliyounganishwa, anasema, inasikika kama kiraka.

Majina aliyashughulikia kwa upendo. Msichana kwenye filamu anaitwa Shan. Akaongeza herufi moja, akawa Shani, na Kiswahili kikawa kimemaliza kazi: shani ni jambo la ajabu, kitu cha nadra kisichoonekana kila siku. Tajiri kijana Liu Xuan akawa Bosi Liu. Yule kiumbe mwenye mikono ya pweza, anayeongoza wenzake na kumpenda Shani kimyakimya, akawa Mjomba Pweza, na kwa neno hilo moja la ukoo tukajua nafasi yake nyumbani, mamlaka yake na hasara yake.

Kisa, kwa ambao hawajaiona: Bosi Liu amenunua ghuba ya bahari ili aijaze na kujenga. Ili viumbe wa majini wahame, ametega mitambo chini ya maji inayopiga mawimbi ya sauti na kuwaumiza. Jamaa ya nguva iliyobaki imejificha ndani ya meli mbovu, na inamtuma Shani nchi kavu amshawishi bosi kimapenzi kisha amuue. Mkia wake umepasuliwa aweze kutembea, anaburuza miguu ndani ya viatu, na mara nyingine anapanda ubao wa magurudumu. Silaha yake ni viumbe wadogo wa baharini wenye miiba kama nungunungu. Kila akimrushia bosi, miiba inamrudia yeye. Kwenye onyesho hilo mtafsiri mvivu angeeleza: "Anataka kumrushia, ooh, imemrudia!" Wetu aliweka duara. Alichotoa ni pumzi moja fupi ya mtu aliyechomwa na hataki kulia mbele ya mgeni. Kibanda cha video nilikoitazamia baadaye kilicheka kizima kabla hajasema neno.

Sauti ya Shani hakuiigiza kwa kubana pua, kosa linaloharibu tafsiri nyingi nilizowahi kusikia, ambamo kila mwanamke ni kinda la kuku. Aliishusha tu, akapunguza mwendo, akamwacha amalize sentensi zake polepole kuliko watu wote, kama mgeni anayechagua maneno ya lugha asiyoizoea. Baada ya dakika kumi sikumsikia tena mwanamume. Nilimsikia Shani.

Kisha wakaja wale askari. Bosi Liu, akiwa ametoroka kwenye makao ya nguva, anakimbilia kituo cha polisi kuripoti kwamba ametekwa na viumbe nusu mtu nusu samaki. Askari wawili wanamsikiliza kwa heshima kubwa. Mmoja anachora alichoelezwa ili apate uhakika. Anachora mwili uliogawanywa kwa urefu, upande mmoja mtu na upande mwingine samaki. Sivyo. Anachora kichwa cha samaki juu ya miguu ya binadamu. Sivyo. Na muda wote wanapigana na vicheko vyao. Ni onyesho lililosifiwa popote filamu ilipofika, na linategemea mdundo kuliko maneno.

Hapa fundi hakuigiza kuchekesha hata kidogo. Alichukua Kiswahili cha kituo cha polisi, kile kikavu, kinachoandika maelezo ya mlalamikaji, na kukitandaza bila kucheka. "Eleza taratibu. Unasema nusu ni mtu. Nusu ipi?" Kiswahili kina bahati hapo, maana nusu ipi ni maneno mawili mafupi yanayoanguka kama mhuri mezani. Aliyarudia mara nne kwa sauti ileile, na kila mara alichelewa kidogo zaidi, kwa kipimo cha muda ambao askari wa Kichina anachelewa kuinua kalamu. Mara ya nne hakusema "nusu". Alisema "ipi" tu. Na wakati huohuo, bila mhadhara wowote, mtoto wa Pasua ambaye hajawahi kuiona bahari alikuwa ameelewa nguva ni nini, na nini siyo. Siku tatu za kusumbuka na neno moja zililipwa pale.

Mji huu umewahi kuwa na jumba la kweli la sinema. Plaza wazee wanaikumbuka, na picha za Kihindi zilizokuja bila neno la Kiswahili. Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya 1957 zilipendwa Afrika Mashariki nzima, na aliyekwisha kuiona filamu mara tatu ndiye aliyemnong'onezea jirani yake. Kabla ya hapo kabisa, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na mradi wa filamu za mafunzo uliokuwa na makao yake Vugiri, milima ya Usambara. Lori lilizunguka na pazia, na sauti za lugha mbalimbali zilichezwa kwenye sahani za santuri. Sauti ile ilikuja kufundisha wenyeji namna ya kuishi. Baadaye, Tanzania Bara ikiwa bado haina kituo cha televisheni, mpaka 1994, deki za video zilikuwa zimeshafika mitaani, na sauti mpya ikazaliwa, ya mtu aliyekaa benchi moja na mtazamaji. Kibanda umiza, tunakiita, kwa sababu ya mabenchi yake. Jina la mapenzi hilo.

Niliiona filamu ikiwa imekamilika kwenye kibanda kimoja Pasua, Jumamosi jioni, mapema Desemba. Ilipoisha hakuna aliyeondoka mara moja, na hapo ndipo nilipopata nilichokuja kukitafuta.

Kijana wa bodaboda alisema amepoteza hela: picha zima halina hata ngumi moja ya maana, na Stephen Chow aliyemfahamu yeye ni yule wa Kung Fu Hustle. Mpagazi wa mlimani, mtu wa makamo, alisema kinyume chake, kwamba hajacheka hivyo mwaka mzima, na sababu yake ilikuwa mwendo wa Shani. "Ule mwendo naujua. Ni wazungu wakifika geti la Mweka siku ya mwisho. Magoti yamekwisha, wanashuka kama wamebeba ndoo kichwani." Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika alikuwa mkali: kutafsiri ni kuharibu, filamu isikilizwe kwa lugha yake na maandishi yasomwe, na DJ anaongea mno. Mama mwenye genge la ndizi pale nje, aliyesikiliza picha zima kupitia ukuta wa mabati huku akiuza, alimjibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, mimi nimeiona yote. Wewe uliyesoma maandishi umeona nini?"

Bado nalifikiria jibu la mama yule. Alikuwa ameiona filamu kwa masikio.

Mwanafunzi, hata hivyo, hakukosea kabisa, na sitaki kumpita haraka. Filamu inafunguka ndani ya jumba la makumbusho bandia, ambapo tapeli anawaonyesha watu vioja vyake, na cha mwisho ni mwanamume mnene aliyejilaza kwenye beseni la kuogea akijifanya nguva. Pale mtafsiri wetu aliogopa ukimya. Aliongeza utani wake juu ya utani uliokuwepo, akamtaja mganga, akataja mafuta ya kupaka, na beseni likafika watu wakiwa wameshachoka kucheka. Nilimwambia. Alikubali kwa uchungu wa kweli, akafungua daftari na kunionyesha duara alilokuwa ameliweka pale, kisha hakulifuata. Fundi anayejua alipovunja kanuni yake mwenyewe ninamheshimu zaidi.

Ubishi mkubwa wa kibandani ulikuwa juu ya mwisho. Baada ya saa nzima ya wepesi, filamu inabadilika: watu wenye silaha wanavamia makao ya nguva, na damu inamwagika kweli. Nusu ya ukumbi ilisema wamesalitiwa, walikuja kucheka. Nusu nyingine ikasema bila damu ile kicheko chote kingekuwa cha bure, kwa sababu sasa tunajua nani alikuwa anaumia muda wote tuliokuwa tunacheka. Watu walisimama, mwenye kibanda akatishia kuzima taa. Mimi niko upande wa waliolalamika. Chow amekaza kamba kupita kiasi pale, na filamu inahitaji dakika nyingi kupata tena pumzi yake. Lakini nilitazama alichokifanya mtafsiri. Kwenye shambulio lile hakusema karibu kitu. Maduara matupu. Aliyepiga kelele kwenye beseni alinyamaza kwenye damu, na ukimya huo ndio uliowafanya watu wabishane kuhusu Shani na ndugu zake kana kwamba ni majirani wa mtaa wa pili. Hakuna aliyebishana kuhusu Kiswahili, ila yule mwanafunzi.

Wiki mbili baadaye nikapanda nyumbani Uru kwa Krismasi, flashi ikiwa mfukoni. Kila Mchagga anajua Desemba ilivyo: mabasi yamejaa, barabara za migombani zina magari yenye vumbi la Dar, na jioni nyumba moja ina vizazi vinne. Tuliiweka sebuleni baada ya mtori. Bibi yetu hasikii vizuri, kwa hiyo tuliweka spika karibu na kiti chake.

Mjomba anayeishi Temeke alicheka mpaka akatoka nje pale Mjomba Pweza, akiwa amejifanya mpishi, anapolazimika kukatwa mikono yake mwenyewe ikachomwa mbele yake huku akikaza uso asijulikane. Wa mlimani walicheka kidogo tu. Ni yeye aliyekula supu ya pweza jioni nyingi kwenye vijiwe vya Dar, akawa anauona mkono ule kwenye bakuli. Binamu wa kidato cha nne alikasirika kwamba Shani amesamehe upesi mno. "Mtu amekuchomea nyumba, shangazi, halafu unakula naye kuku?" Shangazi akamjibu kwamba hilo la kula kuku ndilo jambo pekee la kweli kwenye filamu nzima.

Onyesho hilo la kuku wa kuchoma nalishika kuliko yote. Tajiri aliyezoea karamu anakaa na Shani mahali pa michezo ya watoto, wanakula kuku kwa mikono, mafuta mdomoni, kisha wanaanza kuimba, vibaya, kwa sauti kubwa, kwa furaha. Maandishi ya Kiingereza yanatoa maneno ya wimbo mstari kwa mstari. Mtafsiri angeweza kuyasoma yote. Badala yake alipandisha sauti ya Kichina mpaka juu, akasema sentensi moja kwa upole: "Hapa tuwaache waimbe." Kisha akanyamaza mpaka mwisho. Sebule nzima ilikuwa kimya, bibi amegeuza sikio lake zuri upande wa spika, anasikiliza Kichina.

Maoni mazito zaidi yalitoka kwa babu, na hayakuhusu mapenzi. Babu aliona filamu ya ardhi. Kwake ghuba ile ni kihamba, shamba la ukoo. Watu waliozaliwa pale, wazee wao wamelala pale, anakuja mwenye pesa na karatasi kusema amenunua, na anatega mtambo wa kuwasumbua mpaka wahame kana kwamba wameamua wenyewe. "Huyo kijana asingependwa na yule binti, angejenga," alisema. "Wangapi hawapendwi?" Alikuwa amecheka pamoja nasi kwa askari, kwa pweza na kwa kuku, na kicheko hakikumzuia kuona. Nilikuja kumweleza mtafsiri maneno hayo. Akayaandika kwenye daftari, chini kabisa, pasipo na dakika.

Mjukuu mdogo ndiye aliyeuliza kama yanawezekana, mtu kuwa samaki na kuvaa viatu. Bibi akamjibu kwa habari ya Kibo na Mawenzi: Mawenzi aliyekuwa akienda kuomba moto kwa Kibo kila mara, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi, na ndiyo maana kilele chake mpaka leo kimevunjika-vunjika. "Mlima umepigwa na mchi, na unauona kwa macho," bibi akasema. "Samaki kuvaa viatu kuna nini?"

Kuhusu haki za wenye filamu, lazima niseme wazi. Tafsiri nyingi za aina hii hufanywa bila ruhusa yao. The Mermaid iliingiza zaidi ya yuani bilioni 3 nchini China, rekodi ya wakati wake, na hakuna hata senti iliyotoka Pasua. Mtafsiri naye ananakiliwa hivyohivyo: anauza kazi yake mara moja kwa maktaba ya muvi, kesho yake iko kwenye kila flashi ya Kilimanjaro na jina lake limefutwa. Ningetamani mikataba iwepo, malipo yafike pande zote mbili, na jina la mwenye sauti liandikwe. Studio za hapa nchini zinazotia Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki na Kichina kwa mikataba zimeonyesha kuwa njia ipo. Studio hizo, kwa sikio langu, zina sauti nyingi safi na maduara machache mno.

Kwa sababu hiyo nina ombi. Kanda za VHS za watafsiri wa kwanza, za Lufufu na za wengine wengi ambao hawakuwahi kutajwa popote, zinaozea kwenye makabati na juu ya dari, na utepe wa sumaku hauvumilii unyevu. Kama kwenu kuna kanda ya namna hiyo, usiitupe wakati wa kufanya usafi wa sikukuu. Tafuta mtu mwenye deki inayofanya kazi, ihamishie kwenye kompyuta, kisha juu ya faili andika kwanza jina la mtu anayesikika akisema Kiswahili, ndipo uandike jina la filamu.